Safari ya mbwa wa watoto kwenda nje huanza na sindano, si tiketi

Swali lilikuja wakati wa chakula cha usiku, kama yanavyokuja maswali mengi ya watoto. Mama alikuwa ndio kwanza amemaliza kueleza kwamba chuo cha Uingereza kimempokea kwa masomo ya uzamivu, kwamba yeye atatangulia na wengine watamfuata shule zikifungwa, na kwamba huko kuna baridi kali kuliko ya Gairo. Mtoto wa miaka tisa alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo moja tu.

"Baba, na Bosi atapanda nini?"

Bosi ni mbwa. Analala barazani, anabwekea pikipiki zinazopita usiku, na kila asubuhi huwasindikiza watoto hadi karibu na geti la shule halafu anarudi nyumbani peke yake. Mdogo wa miaka mitano hajawahi kuishi siku moja bila yeye.

Babu, aliyekuwa pembeni na kikombe chake cha chai, alicheka. "Mjukuu wangu, mbwa naye ana pasi ya kusafiria?"

Nyumba hii ni ya mfano tu, imewekwa Gairo, mji ulio kando ya barabara kuu kati ya Morogoro na Dodoma. Lakini swali la mtoto huyo ni la kweli katika nyumba yoyote inayohama, na kanuni zinazolijibu ni za kweli pia. Babu amecheka, ila hakukosea sana. Mbwa anayevuka mpaka anahitaji karatasi kama mtu, na karatasi zenyewe zina tarehe ambazo hazisogezwi kwa kubembeleza.

Mzazi anaweza kuahirisha ununuzi wa tiketi hadi wiki ya mwisho. Kwa mbwa haiwezekani, kwa sababu safari yake ya kwenda Ulaya huanza takriban miezi minne kabla ya siku ya kupanda chombo.

Chipu kwanza, sindano baadaye

Familia yetu ya mfano inajiona iko salama. Bosi amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa kila mwaka, na kadi yake imehifadhiwa kabatini pamoja na kadi za kliniki za watoto. Mara ya mwisho alichanjwa Machi. Baba anaichukua kadi hiyo kwa kujiamini na kumpelekea daktari wa mifugo.

Daktari anaisoma, anaisifu, halafu anauliza: "Ana chipu?"

Hana. Na hapo ndipo hesabu inapoanza upya.

Chipu ni kidude kidogo kama punje ya mchele, ambacho daktari hukiingiza kwa sindano chini ya ngozi ya mbwa, kwenye eneo la shingo na mabega. Hakina betri na hakionyeshi mbwa yuko wapi, kama wengine wanavyodhani. Kazi yake ni moja: kikipitishiwa kifaa cha kusomea, kinatoa namba. Kwa safari za Ulaya inatakiwa chipu ya viwango vya kimataifa, yenye namba 15.

Umoja wa Ulaya na Uingereza wanataka mbwa awe na chipu kabla ya kuchanjwa, au vyote vifanyike siku hiyo hiyo. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiki. Sababu yake ni rahisi: bila namba mwilini, hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba mbwa aliyeandikwa kwenye kadi ndiye huyu aliyesimama mbele ya ofisa wa bandarini. Mbwa wa kahawia wapo wengi.

Kwa hiyo Bosi, pamoja na chanjo zake zote za miaka iliyopita, machoni pa Ulaya ni mbwa ambaye hajachanjwa. Chanjo hizo zimemlinda yeye na watoto, hazikupotea bure. Ila kwa safari hii inabidi awekewe chipu, achanjwe tena, na siku zianze kuhesabiwa hapo.

Chukua kalenda. Tuseme chipu na chanjo vimefanyika Julai 12. Nchi zinazotoka katika orodha ya mataifa ambayo Ulaya inaridhika na hali yake ya kichaa cha mbwa hurahisishiwa mambo, lakini Tanzania haimo katika orodha hiyo. Hivyo mbwa anayetoka hapa lazima apimwe damu, kuonyesha kwamba chanjo imefanya kazi kweli.

Damu hiyo haichukuliwi kabla ya siku 30 kupita tangu chanjo. Kwa Bosi hiyo ni Agosti 11. Sampuli inapelekwa maabara iliyoidhinishwa, na inatakiwa ionyeshe kingamwili zisizopungua 0.5 za kipimo cha kimataifa kwa kila mililita. Ikipungua, mbwa anachanjwa tena na kupimwa tena, na kalenda inarudi mwanzo.

Ikifaulu, bado safari. Kuna kusubiri miezi mitatu kamili tangu siku ya kuchukuliwa damu. Si tangu siku majibu yalipotoka, na si tangu siku ya chanjo. Agosti 11 inazaa Novemba 11. Kabla ya tarehe hiyo Bosi hawezi kuingia Uholanzi wala Uingereza, hata akisafiri na mkurugenzi wa shirika la ndege.

Mama anatakiwa chuoni mwishoni mwa Septemba. Ndiyo maana wengi hukwama: barua ya chuo ikifika, watu hukimbilia viza, shule za watoto na nyumba ya kupanga, na mbwa anakumbukwa wiki mbili kabla ya safari, sanduku likiwa limeshafungwa.

Jambo lingine la kuangalia ni umri. Mbwa mdogo hapewi chanjo ya kichaa inayotambuliwa kwa safari za Ulaya kabla hajafikisha wiki 12. Ukijumlisha siku 30 na miezi mitatu, utaona kwamba mbwa wa chini ya miezi saba hivi hawezi kuingia huko akitokea Tanzania. Kwa hiyo kununua kitoto cha mbwa ili kuwafariji watoto kwa habari ya kuhama ni kujitafutia kilio cha pili.

Kwa nini wanasumbua hivi

Ukisikia masharti haya ni rahisi kudhani kwamba wazungu wanadekeza mbwa tu, au wanaonea mbwa wa Afrika. Jibu liko karibu zaidi na nyumbani.

Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Asia na Afrika, na karibu asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Takriban watu wanne kati ya kila kumi wanaokufa ni watoto wa chini ya miaka 15. Kwa Tanzania, makadirio ya watafiti yaliyochapishwa mwaka 2002 yalikuwa vifo takriban 1,500 kwa mwaka.

Mtoto ndiye anayecheza na mbwa, ndiye anayemvuta mkia, na ndiye anayeng'atwa usoni kwa sababu uso wake uko usawa wa mdomo wa mbwa. Mara nyingine ndiye anayeficha jeraha ili asichapwe.

Virusi vikiingia mwilini, dalili kwa kawaida hujitokeza baada ya miezi miwili au mitatu, ingawa inaweza kuwa wiki moja au hata mwaka. Katika kipindi hicho mbwa aliyeambukizwa huonekana mzima, anakula na kutikisa mkia. Miezi mitatu ya kusubiri inatoka hapo. Anayekagua anataka kuwa na uhakika kwamba siku mbwa alipotolewa damu hakuwa tayari amebeba ugonjwa kimyakimya.

Na kwamba mbwa mmoja aliyevushwa maji anaweza kuharibu kazi ya miaka, Watanzania wana ushahidi wao wenyewe. Kati ya mwaka 2010 na 2015 uliendeshwa mradi mkubwa wa kuchanja mbwa katika wilaya 28 za kusini mashariki mwa Tanzania, zikiwamo Ulanga na Kilombero za Mkoa wa Morogoro, pamoja na Kisiwa cha Pemba. Huko Pemba, chanjo ilifanikiwa kuumaliza kabisa ugonjwa huo mwaka 2014.

Miaka miwili baadaye, 2016, ukarudi. Uchunguzi wa vinasaba vya virusi ulionyesha kwamba haukuwa mabaki ya ule wa zamani, bali uliingizwa upya kutoka nje ya kisiwa. Mbwa hawaogelei kwenda Pemba. Ilibidi kuchanja tena kwa nguvu hadi mnyororo ulipokatika kwa mara ya pili mwaka 2018.

Uingereza nayo imepita hapo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mlipuko wa kichaa cha mbwa ulizuka huko kuanzia 1918, na haukumalizika hadi 1922. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyofuata, kila mbwa aliyeingia alifungiwa karantini miezi sita, akitembelewa na wenyewe kama mfungwa. Utaratibu wa chipu, chanjo na kipimo cha damu, ulioanza Februari 28, 2000, ndio uliowaondolea mbwa wa wasafiri kifungo hicho. Ukiutazama hivyo, miezi minne nyumbani Gairo, ukilala barazani kwako, si adhabu kubwa.

Kutoka Gairo hadi melini

Sasa njia yenyewe. Gairo haina reli. Reli ya Kati, ya zamani na ya kisasa, inapita kusini yake kwa upande wa Kilosa, wilaya ambayo Gairo ilimegwa kutoka kwake mwaka 2012. Familia ya Gairo inayotaka treni ya SGR italazimika kwanza kushika barabara, ama kushuka Morogoro au kupanda Dodoma.

Dodoma ina faida yake kwa shughuli hii. Makao makuu ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi yako huko, na cheti cha afya cha kimataifa lazima kipitishwe na daktari wa mifugo wa serikali, pamoja na kibali cha kumtoa mnyama nchini. Morogoro nayo ina hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, mahali pazuri pa kuanzia kuuliza habari za chipu na uchukuaji wa damu. Kwenda huko utapita Dakawa, mahali ambapo mwaka 1984 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki kwa ajali ya gari. Chuo kilibeba jina lake mwaka huo huo.

Kabla ya kukata tiketi ya basi au treni, uliza kwanza kama mbwa anapokelewa na kwa masharti gani, na uulize ukiwa na siku za kutosha za kutafuta njia nyingine. Kondakta wa basi anaweza kukubali asubuhi na kukataa abiria wakishajaa. Kwa wengi, gari binafsi hadi Dar es Salaam linapunguza ubishi.

Mbona basi meli na treni, wakati Uingereza iko mbali hivyo na lazima upande ndege? Ni kwa sababu Uingereza hairuhusu mbwa wa kawaida kuingia kwa ndege akiwa ndani na abiria au kama begi lake. Anayeingia kwa ndege huingia kama shehena, kwa mashirika na njia zilizoidhinishwa. Wasafiri wengi wanaokwepa utaratibu huo huteremkia bara la Ulaya, kisha humalizia kwa nchi kavu na maji.

Treni ya Eurostar, ile inayopita chini ya bahari kati ya Paris na London, haipakii mbwa, isipokuwa wale waliofunzwa kusaidia watu wenye ulemavu. Kuna treni nyingine kwenye njia hiyo hiyo inayobeba magari, na mbwa hukaa garini na wenyewe, lakini familia iliyotoka Gairo haina gari Ufaransa.

Inabaki meli. Njia inayowafaa wasio na gari ni ile ya kutoka Hoek van Holland, Uholanzi, hadi Harwich, Uingereza, safari ya takriban saa saba mchana, au ya kulala usiku. Abiria wa miguu huruhusiwa kupanda na mbwa, ila nafasi ya mbwa huwekwa mapema. Mbwa hukaa kwenye kizimba maalumu au katika chumba kilichotengwa kwa wenye wanyama. Kabla ya kupanda, mhudumu humpitishia kifaa cha kusomea chipu na kulinganisha namba na karatasi.

Ndani ya Uholanzi, mbwa mkubwa hukatiwa tiketi yake ya siku kwenye treni. Uingereza, abiria anaweza kupanda treni na hadi mbwa wawili bila kuwalipia. Mtoto wa miaka tisa akisikia hilo atataka kujua kwa nini Bosi anapanda bure na yeye analipiwa. Mjibuni mtakavyoweza.

Kuna kipengele kimoja cha mwisho kinachowaangusha watu waliofanya mengine yote vizuri. Mbwa anayeingia Uingereza lazima apewe na daktari dawa ya minyoo aina ya tegu si chini ya saa 24 na si zaidi ya saa 120 kabla ya kufika, na muda huo uandikwe. Yaani kati ya siku moja na siku tano. Bosi akipewa dawa Jumatatu Morogoro, akaruka Jumanne usiku na kupanda meli Jumatano usiku, yuko ndani ya muda. Familia ikiamua kupumzika wiki nzima kwa shangazi aliyeko Rotterdam, muda umekwisha na inabidi kumtafuta daktari Mholanzi ampe nyingine.

Cheti cha afya nacho kina saa yake. Kwa kawaida mbwa anatakiwa kuwasili ndani ya siku 10 tangu kitolewe. Kwa hiyo hakitafutwi mapema. Na kwa kuwa anaingia Umoja wa Ulaya kwanza halafu Uingereza, hakikisha karatasi zinatosheleza pande zote mbili.

Mbwa ni wa nani?

Katika nyumba nyingi swali hili halijawahi kuulizwa. Mbwa ni wa nyumbani, basi. Mpakani hapana; ana mwenyewe mmoja, mwenye jina.

Kanuni za Ulaya na Uingereza zinamwona mbwa kuwa wa familia, na si wa biashara, iwapo safari yake haiachani na ya mwenye mbwa kwa zaidi ya siku tano. Mama akiandikishwa kuwa mwenye Bosi na akaondoka Septemba, Bosi akija Desemba atahesabiwa kama bidhaa, na masharti yanaongezeka. Baba akiandikishwa, na yeye ndiye anayesafiri na watoto shule zikifungwa Desemba, tatizo halipo.

Kwa hiyo siku ya kuweka chipu, kabla daktari hajaandika jina, wazazi wawe wameshakaa na kuamua nani anasafiri lini. Ni mazungumzo ya dakika kumi yanayookoa miezi.

Na karatasi zikikosewa? Sheria za Umoja wa Ulaya zinatoa njia tatu kwa mbwa aliyefika bila kutimiza masharti: kurudishwa alikotoka, kufungiwa hadi atimize, kwa gharama ya mwenyewe, na ikiwa yote mawili hayawezekani, kuuawa. Hiyo ya tatu ni ya mwisho kabisa, lakini imeandikwa. Mzazi anayefikiria kujaribu bahati kwa sababu watoto wanalia, afikirie pia watakavyolia wakiwa bandarini.

Safari za jirani

Si kila anayehama anakwenda Ulaya. Wengine wanavuka tu kwenda Unguja, wengine wanapata kazi Zambia au Kenya.

Boti ya Dar es Salaam kwenda Zanzibar haivuki mpaka wa kimataifa, lakini mifugo si jambo la Muungano, na Zanzibar ina mamlaka yake ya mifugo na vibali vyake. Kilichotokea Pemba kinaeleza kwa nini wako makini. Fikirieni pia majirani mnaokwenda kuishi nao. Waislamu wengi hujihadhari na mate ya mbwa kwa ajili ya swala, na mbwa aliyezoea kurandaranda Gairo hatakiwi kurandaranda vichochoroni Mji Mkongwe. Hilo ni suala la ujirani mwema kabla halijawa la kibali.

Wa Zambia wanaweza kufikiria reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi. Inapita Mkoa wa Morogoro huo huo, kwa upande wa Ifakara na Mlimba, kabla ya kupanda kwenda Makambako, Mbeya na Tunduma. Ni safari ndefu, na mbwa hajui kusubiri kituo kijacho. Kwa nchi jirani kinachotangulia ni kibali cha kuingiza mnyama, kinachoombwa kabla ya kufika mpakani, pamoja na cheti cha chanjo ya kichaa na cheti cha afya. Kipimo cha damu kinachochukua miezi ni sharti la Ulaya. Kwa majirani uliza ofisi ya mifugo ya nchi unayokwenda.

Wa Marekani wajue kwamba tangu Agosti 1, 2024 mbwa wa chini ya miezi sita haingii nchi hiyo, na Tanzania imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, hivyo masharti ni mazito zaidi.

Kumwacha nako ni uamuzi

Chipu, maabara, kizimba, ndege, meli: jumla yake inaweza kuikaribia au kuipita nauli ya mtu mzima. Familia isiyoweza kubeba mzigo huo haina sababu ya kuona aibu. Wapo mbwa ambao kuwasafirisha ni kuwatesa: mzee sana, mgonjwa, au yule ambaye maisha yake yote ni kukimbia nyuma ya mbuzi na hajawahi kufungwa kamba. Nyumba ya kupanga Uingereza inaweza isiruhusu mbwa kabisa, na hilo linafaa kujulikana kabla ya chipu, si baada ya meli.

Kosa kubwa ni kuamua kumwacha halafu kuwaambia watoto "atakuja baadaye" huku mkijua hatakuja. Mtoto wa miaka mitano atauliza kila Jumapili. Wa miaka tisa ataacha kuuliza, na hilo ni baya zaidi. Waambiwe mapema, waage, wachague wenyewe nani atamtunza, na huyo mtunzaji aachiwe kadi ya chanjo na fedha ya chanjo ya mwaka unaofuata. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa Septemba 28, na karibu na tarehe hiyo sehemu nyingi huwa na kampeni za uchanjaji. Ni alama nzuri ya kuiweka kwenye simu.

Bosi aende au abaki, watoto wafundishwe hili kabla ya yote: ukiumwa au kukwaruzwa na mbwa yeyote, hata wa nyumbani, sema mara moja. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Na asiwepo wa kumchapa aliyesema.

Familia yetu ya mfano imeamua Bosi aende. Kati ya Julai na Desemba ina miezi mitano, na kuna kazi ya kufanya ndani yake. Mbwa aliyezoea uhuru wa Gairo lazima ajifunze kamba, kwanza uani, kisha sokoni penye kelele. Lazima ajifunze kizimba: alishwe humo mlango ukiwa wazi, baadaye ufungwe dakika tano, baadaye saa moja, hadi alale humo bila kulalamika. Dawa za usingizi watu hupenda kuzitafuta, lakini haifai kumpa mbwa bila daktari. Angani zinaweza kumdhuru, na mashirika mengi ya ndege hayampokei mbwa aliyelewa dawa.

Kizimba chenyewe kina vipimo vyake. Mbwa aweze kusimama bila kichwa kugusa juu, ageuke, na alale amejinyoosha, hewa ikipita pande zote. Shirika la ndege hulikagua hilo, kwa hiyo masharti yao yasomwe kabla ya msumari wa kwanza.

Aliyekwenda kwa fundi seremala ni babu. Alimfunga Bosi kamba kiunoni mwake ili asikimbie, akamsimamisha karibu na benchi, na fundi akapima urefu kuanzia puani hadi mwanzo wa mkia, kisha kimo. "Mzee, masikio nayahesabu?" fundi akauliza. Babu alimtazama Bosi, aliyekuwa ameyasimamisha masikio yote mawili akisikiliza msumeno.

"Yahesabu," alisema. "Huko anakokwenda atayahitaji."